Mikwaruzo, madoa na vibonyeo kwenye spika za thamani: dalili, vyanzo na namna ya kuvitatua

Spika nzuri hukaa nyumbani miaka thelathini au arobaini, na kwa muda huo hupitia mengi: watoto, kuhama nyumba, chupa za soda zinazowekwa juu yake, jua la dirishani. Sauti inaweza kubaki ileile huku sura ikichakaa. Mwenye nazo anatamani kuzirudishia hadhi, na hapo ndipo hasara kubwa inapoanza. Spika nyingi za zamani zilizoharibika sura kabisa zimeharibiwa na mtu aliyekuwa anazisafisha.

Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata malalamiko yanayojirudia. Unahusu spika za mbao za kusikilizia nyumbani, kuanzia zile zinazosakwa na wapenzi duniani kote, mfano Rogers LS3/5A, AR-3a, JBL L100 na Yamaha NS-10M, mpaka zile Technics na Pioneer ambazo mjomba alirudi nazo kutoka Muscat au Dubai na hadi leo zimesimama sebuleni.

Gawa spika mafungu mawili. Boksi halitikisiki, kwa hiyo una nafasi ya kujaribu. Koni (ile karatasi au plastiki pana inayotoa sauti), ukingo wake na twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) vinatikisika, na chochote unachopaka huko kinaongeza uzito na kugusa sauti. Kwa hiyo kovu la kwenye boksi unaweza kulishughulikia mwenyewe siku ya mapumziko. La kwenye koni lifikirie mara mbili. La kwenye twita, mara nyingi liache.

Kabla ya kugusa chochote

Zima amplifaya, kisha chomoa nyaya za spika. Ncha mbili za waya zikigusana amplifaya ikiwa inafanya kazi, unaweza kuunguza transista zake, na gharama yake itakusahaulisha ule mkwaruzo. Kama spika yako inachomekwa ukutani, yaani ina amplifaya ndani yake, usifungue boksi lake. Kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Piga picha pande zote, na nyuma pia, namba za spika zisomeke. Spika hizi huthaminiwa kwa jozi. LS3/5A, kwa mfano, ziliuzwa zikiwa zimeoanishwa, na mnunuzi makini anaangalia namba kabla ya kuangalia vinia, yaani ule ubao mwembamba wa mti halisi uliobandikwa juu ya boksi. Skrubu, nembo au kipande chochote unachotoa, kitie kwenye mfuko na kiandike kimetoka spika ipi, hata kama unakusudia kukibadilisha.

Halafu ondoa kabisa waya wa kusugulia masufuria. Wapo wanaoutumia kulainishia mbao, na kwenye samani nyingine hauna neno, lakini nyuma ya kila koni kuna sumaku kali, na kati ya sumaku na koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, pana mwanya mwembamba mno. Chembe za chuma zikishaingia mle kuzitoa ni kazi kubwa, na spika itakuwa inakwaruza kila ikilia. Bisibisi nayo ina hatari yake: ikikaribia wufa, ile spika kubwa ya besi, huvutwa ghafla, na ncha inaishia kwenye koni. Anayefungua skrubu aweke kartoni juu ya koni na ashike shina la bisibisi karibu na ncha kwa mkono wa pili. Matundu mengi ya mviringo kwenye koni za karatasi yana historia hiyo.

Sijui boksi langu ni la nini

Hili si tatizo lenyewe, ila usipolijua utatumia dawa ya vanishi kwenye plastiki. Mulika tochi kwa ubavu. Vinia halisi ina vinyweleo vya mti, na michoro yake hukatika penye kona kwa sababu ni vipande tofauti. Plastiki yenye picha ya mbao hukunja kona bila kukatika, na ukitazama kwa makini utaona mchoro mmoja unajirudia. Chini yake mara nyingi ni chipbodi au MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa.

Kama ni vinia, weka tone dogo la mafuta ya kupikia chini ya boksi, mahali pasipoonekana. Likinywewa taratibu, mbao hiyo ilipakwa mafuta tu, kama mbao za wonati (walnut) za AR nyingi. Likikaa juu, kuna vanishi. Futa mara moja.

Kuna duara jeupe juu ya boksi

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na chanzo chake kwetu kinajulikana: kitambaa cha kufuma, na juu yake chungu cha maua. Maji yanapita kwenye kitambaa, kitambaa kinayashikilia juu ya vanishi wiki nzima, na hakuna anayefunua kutazama.

Chanzo cha kawaida ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi. Kinachofuata ni joto la kikombe au bakuli. Cha mwisho, na kibaya zaidi, ni maji yaliyopenya hadi kwenye mbao. Rangi ya doa ndiyo inayokuambia: jeupe liko kwenye vanishi, jeusi liko kwenye mbao.

Jeupe lipe siku mbili tatu bila kitu juu yake. Mengi hufifia yenyewe. Likibaki, tumia draya ya nywele kwa joto la chini, ukiipitisha huku na huku bila kutulia mahali pamoja. Uso uwe wa vuguvugu, usiwe wa kuunguza kiganja. Doa likianza kuyeyuka utaliona likipungua kutoka pembeni kuelekea kati. Lisipotoka, chovya ncha ya kitambaa kwenye spiriti, kikamue mpaka kiwe karibu kikavu, kisha pitisha juu ya doa mara moja kwa mwendo wa haraka, na usubiri. Kwanza jaribu chini ya boksi. Vanishi ya shelaki huyeyuka kwa spiriti, na ukisugua utabandua yote. Dawa ya meno pia hufanya kazi kwa kuwa ina ukali kidogo wa kusugua, ila huacha kipande kinachong'aa kuliko pembeni, kwa hiyo mimi huiweka mwisho kabisa.

Simama hapo doa likiwa jeusi. Weusi ule unatokana na chuma kilichokutana na maji na tanini ya mti, na dawa yake ni asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na inataka vanishi yote iondolewe kwanza. Hiyo ni kazi ya fundi wa samani. Simama pia kama ubao wenyewe umevimba ukipapasa. Chipbodi ikishavimba kwa maji hairudi, na kuisawazisha kwa msasa utakula vinia yote ukiwa bado unaona tuta.

Boksi lina mikwaruzo

Kwanza hakikisha ni mkwaruzo kweli. Mistari mingi myeupe kwenye pembe ni rangi ya ukuta au plastiki ya kiti iliyobaki juu ya vanishi. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kikamuliwe sana, kisha kausha papo hapo. Mstari ukitoka, kazi imeisha.

Usipotoka, lowesha kidole upitishe juu yake. Mstari ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umeishia kwenye vanishi, na nta au mafuta vitaufunika. Usipopotea hata ukilowa, rangi ya mbao imeondoka na unahitaji kuirudisha. Kucha ikikwama unapoipitisha, kuna shimo la kujaza.

Kwa mkwaruzo wa juujuu kwenye vanishi, nta ya samani isiyo na rangi inatosha. Paka kidogo kwa kufuata mchoro wa mti, acha ikauke, sugua kwa kitambaa cha pamba. Epuka polishi za kupuliza zenye silikoni. Zinapendeza siku hiyo, ila siku fundi atakapotaka kupaka vanishi mpya, vanishi itakimbia na kuacha vishimo kila mahali.

Mbao iliyopakwa mafuta ndiyo rahisi kuliko zote. Msasa namba 400, kwa mkono, kufuata mchoro, mara chache tu penye mkwaruzo. Halafu mafuta ya linsidi yanayouzwa yakiwa yameandikwa "boiled" (usiyachemshe mwenyewe) au mafuta mengine ya samani yanayokauka, kiasi kidogo, na baada ya dakika kumi na tano futa yote yaliyobaki juu. Mafuta ya nazi na ya kupikia hayakauki. Yatanata, yatabeba vumbi na kuoza.

Hatari ya moto: kitambaa kilicholowa mafuta ya linsidi kinaweza kuwaka chenyewe. Mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na kitambaa kikikunjwa au kutupwa kwenye pipa la taka joto hilo halina pa kutokea. Kitandaze nje kikauke kabisa, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji kabla ya kukitupa.

Rangi iliyoondoka hurudishwa kwa kalamu za kurekebishia samani. Chagua rangi iliyo nyepesi kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu mkwaruzo uliozidi weusi huonekana kuliko ulipokuwa mweupe. Shimo dogo lijaze kwa nta ngumu ya rangi inayokaribiana, ukwangue iliyozidi kwa kadi ya plastiki. Ukiweka rangi mbili za nta badala ya moja, jicho halishiki kirahisi, maana mti wenyewe hauna rangi moja.

Rangi nyeusi ya kung'aa ni habari nyingine. Mikwaruzo midogo inayozunguka, inayoonekana taa ikiwaka, huletwa na kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Dawa ni kompaundi laini ya kung'arishia magari, kwa mkono, na kitambaa kisicho na mshono. Fundi wa rangi za magari aliyezoea anaweza kuondoa hata mkwaruzo unaoshika kucha kwa msasa wa maji namba 2000 na mashine yake, mradi umwambie aondoe wufa na twita kwanza au azifunike vizuri. Usijaribu hilo kwenye rangi isiyong'aa. Utapata kioo cha duara katikati ya weusi uliofifia, na hakuna njia ya kukirudisha.

Plastiki yenye picha ya mbao haikubali msasa hata kidogo. Kalamu ya rangi tu, na hapo uridhike.

Na msasa wa mashine usikaribie vinia yoyote. Vinia nyingi za spika ni nyembamba kuliko milimita moja, mara nyingi kama nusu milimita na ushei. Mashine huipita kabla hujaamua kuizima.

Kona imepondeka

Spika ilianguka, au iligongwa mlangoni wakati wa kuhama. Kama vipande vipo, vitafute sakafuni kabla ya kufagia. Gundi ya mbao na kipande cha asili hushinda dawa yoyote ya kujazia.

Kama ubao umefumuka nyuzi, ambalo ndilo jambo la kawaida kwa MDF, dondoshea supa gluu nyepesi kwenye nyuzi, ziive na kuwa ngumu. Kisha tengeneza kuta mbili: vipande viwili vya ubao ulionyooka, vilivyofungwa selotepu nyororo ili gundi isishike, uvibane pande mbili za kona. Jaza epoksi kidogo zaidi ya inayohitajika. Ikikauka toa kuta, sawazisha kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, na uzibe pembeni kwa tepu ya karatasi usikwaruze vinia nzima. Kuchora mistari ya mti juu ya epoksi kwa kalamu nyembamba ni kazi ya subira, na kwa umbali wa kiti cha kusikilizia haionekani.

Kibonyeo kwenye vinia, ambapo mbao imegandamizwa bila kukatika, watu hukishughulikia kwa kitambaa kilicholowa na pasi ya moto. Mvuke huvimbisha nyuzi zikarudi. Inakubali kwenye mbao nzima iliyopakwa mafuta. Kwenye vanishi utapata doa jeupe, kwenye vinia unaweza kulegeza gundi, na kwenye MDF utavimbisha kilicho chini. Kwa boksi la spika, mara nane kati ya kumi ningekiacha kibonyeo.

Mwite fundi ikiwa boksi lenyewe limeachana kwenye maungio. Spika zilizofungwa kabisa, mfano AR, hutegemea hewa iliyonaswa ndani kuidhibiti wufa, na ufa unaovujisha hewa unaathiri besi. Hapo hatuzungumzii tena urembo.

Vinia imenyanyuka au imeachia pembeni

Sababu kubwa ni gundi kuchoka kwa unyevu na joto. Waliopo Tanga, Mombasa na Unguja wanalijua hili kuliko waliopo Arusha au Nairobi. Sababu ya pili ni maji yaliyoingia kutoka chini wakati wa kupiga deki, na dalili yake ni vinia kuachia kwenye sentimita chache za chini tu.

Gonga kwa ukucha kuzunguka sehemu iliyonyanyuka. Palipoachia hulia kama pana utupu ndani. Weka alama kwa tepu ya karatasi. Jaribio la kwanza ni joto: karatasi safi juu ya vinia, pasi ya vuguvugu juu ya karatasi kwa sekunde chache, halafu bonyeza kwa kipande cha ubao baridi mpaka papoe. Gundi za zamani mara nyingine hukubali kushika tena. Zikigoma, nunua bomba la sindano duka la dawa, vuta gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kidogo, iingize ndani kutokea pembeni. Sukuma kwa kidole ienee, futa iliyotoka, weka kipande cha nailoni ili ubao wa kubania usigandane na vinia, kisha bana au wekea uzito kwa siku nzima. Usitumie supa gluu hapa. Inashika kabla hujanyoosha vinia, na ikivuja juu inaacha alama.

Ukikuta unga mbichi wa mbao chini ya boksi na vitundu vya mviringo, hao ni bungua. Itenge spika hiyo na samani nyingine leo hii, na mtafute mtu wa kuua wadudu anayekubali kutoa wufa kwanza. Dawa ya kupuliza haitakiwi ifike kwenye koni.

Boksi moja limepauka kuliko jingine

Ni jua. Wonati hupauka kwa mwanga, mahogani huelekea kuwa nyeusi zaidi, na spika iliyo karibu na dirisha huwahi mwenzake. Nyanyua kitu kilichokaa juu muda mrefu uone rangi ya awali. Badilishana nafasi kushoto na kulia kila baada ya miezi, na ufunge pazia. Kupaka rangi boksi moja ili lifanane na jingine hakujawahi kupendeza.

Kitambaa au sponji ya mbele imechakaa

Kitambaa kilichochafuka kwa vumbi kinasafishwa kwa brashi laini na kifyonza vumbi cha nguvu ndogo, fremu ikiwa imetolewa. Usioshe kitambaa kikiwa kwenye fremu ya MDF, itavimba na haitarudi kwenye vishikio. Kilicholegea, kama ni cha poliesta, hukaza ukipitisha draya kwa mbali.

Wakati wa kubadilisha, kitambaa kipya kiweke mdomoni upulize. Pumzi ipite bila kuzuiwa. Kanga na kitenge vimefumwa kwa kubana, na ukivivalisha spika sauti nyembamba zinafifia hata kama sebule imependeza. Nimeona vitenge vizuri sana vikipoteza matoazi yote ya rumba.

Sponji ni tofauti. Ile sponji ya mbele ya JBL L100, yenye viboksi vya mraba, hubomoka kama mkate mkavu ukiigusa, na hakuna gundi wala dawa ya kuirudisha. Itoe taratibu spika ikiwa imelazwa kifudifudi juu ya mito miwili, katikati pakiwa wazi, ili punje zidondoke chini zisiingie kwenye koni. Sponji mpya za mfano huo zinatengenezwa na kuuzwa. Fremu ya asili usiitupe.

Vishikio vya fremu vilivyovunjika hutolewa kwa koleo ndogo na kubandikwa vingine kwa epoksi. Nembo iliyolegea ipashe joto kwa draya, pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake kwa kuvuta huku na huku, na uirudishe kwa tepu ya pande mbili. Kuichokonoa kwa kisu kunaikunja.

Kofia ya katikati ya wufa imebonyezwa ndani

Kidole cha mtoto, karibu kila mara. Kwenye wufa nyingi kibonyeo hicho hakibadilishi sauti sana, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kwanza hakikisha hakuna madhara ya ndani. Weka vidole viwili pande mbili za koni, sukuma kidogo sana na kwa usawa, sikiliza. Ikienda kimya, koili ni salama. Ukisikia mkwaruzo, acha urembo, peleka kwa fundi wa spika.

Kwa kofia ya karatasi au kitambaa, anza na tepu ya karatasi, ambayo gundi yake ni dhaifu: bandika katikati ya kibonyeo, vuta polepole. Isipotosha, kifyonza vumbi cha nguvu ndogo, mdomo wa bomba ukizibwa nusu kwa vidole ili usivute koni nzima. Njia ya mwisho ni sindano nyembamba iliyopindwa ncha, kutoboa katikati ya kibonyeo, kuvuta, kisha tone la gundi nyeupe kuziba tundu. Mstari wa kunyanzi utabaki kidogo. Kofia ngumu ya plastiki au ya chuma haivutiki hivi, hubadilishwa na fundi.

Koni imepauka, imegeuka njano au imechanika

Wenye Yamaha NS-10M huuliza sana jinsi ya kuirudishia koni weupe wake. Jibu ni kutoipaka chochote. Koni ile ni karatasi. Dawa ya kung'arisha nguo inaila, rangi inaiongezea uzito. Brashi kavu ya rangi za maji, laini, kutoka kati kwenda nje, basi.

Koni nyeusi iliyopauka watu huipaka dawa ya viatu. Nta ile ni nzito, inabeba vumbi, na spika mbili hazitapata kiasi sawa. Kama ni lazima, wino mweusi wa maji uliopunguzwa sana, tabaka moja, kwenye koni zote mbili za jozi, nao uishie kabla ya ukingo.

Mpasuko mfupi kwenye koni ya karatasi unazibika vizuri: kata kipande cha kifuko cha majani ya chai, kitupu na kikavu, kikubwa kidogo kuliko mpasuko, ukibandike kwa gundi nyeupe ya karatasi iliyopunguzwa maji. Kwa nyuma kama unafikia, kwa mbele kama hufikii. Ni chepesi na kinanywa gundi kidogo. Mpasuko uliofika kwenye ukingo au karibu na koili ni wa fundi.

Ukingo wenyewe angalia kabla hujaufuta. Baadhi ya spika za zamani zina ukingo wa kitambaa uliopakwa dawa nyeusi inayonata ili hewa isipite. Watu huidhani uchafu wakaikwangua. Iache. Ukingo wa mpira wenye ukungu mweupe unatosheka na kitambaa chenye maji. Usiutie mafuta ya mgando wala mafuta ya taa. Na ukingo wa sponji unaobomoka si suala la sura tena. Povu lile la poliurethani huvunjwavunjwa na unyevu, na likishaachia, koni inakaa upande na koili inaanza kusagika. Acha kupiga muziki siku hiyohiyo. Mtafute fundi anayebadilisha ukingo na umuulize anaiwekaje koili katikati kabla ya kubandika. Akijibu kwamba anakadiria kwa macho, endelea kutafuta.

Twita imebonyea

Kuba laini la kitambaa unaweza kulijaribu kwa tepu ya karatasi, mara moja au mbili, kwa mkono mwepesi. Kuba la aluminiamu au titani liache. Chuma chembamba kiasi kile kikikunjwa na kunyooshwa hupasuka, na kifyonza vumbi kinaweza kuling'oa pamoja na koili. Twita iliyobonyea na inayolia sawa na mwenzake ina thamani kuliko iliyonyooshwa na kufa. Ukiamua kubadilisha, tafuta ya mfano uleule.

Kuna spika mbili za kutogusa ndani kabisa. Quad ESL, zile bapa zilizotoka Uingereza mwaka 1957 na mifano iliyofuata, hutumia maelfu ya volti nyuma ya wavu, na umeme huo hauondoki mara tu unapochomoa. Doa kwenye wavu lifute kwa nje, wavu usiufungue. Na Yamaha NS-1000M ya mwaka 1974, pamoja na spika nyingine za bei kubwa zilizofuata, zina makuba ya berili (beryllium), aina ya metali. Likiwa zima halina madhara. Likipasuka, vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta ugonjwa usiopona. Usilikwangue, usilipige msasa, usifagie wala kutumia kifyonza vumbi. Watoe watu chumbani, vaa glavu na barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, kusanya vipande kwa karatasi iliyolowa, vifunge kwenye mifuko miwili. Kabla ya kumkabidhi fundi spika hiyo, mwambie kuba lake ni la nini. Asipojua berili ni kitu gani, mshukuru na urudi na spika zako nyumbani.